Klampu ya Chini

Jirani yangu ana gari linalotoa moshi mweusi. Kila asubuhi huliwasha chini ya dirisha langu la jikoni, akaliacha lingurume peke yake huku yeye akimalizia chai ndani, na mimi hufunga dirisha na kumsema kimoyomoyo. Wiki iliyopita sikulifunga. Nilisimama na mwiko mkononi nikivuta ile harufu ya petroli iliyopita kwenye injini bila kuungua yote, mpaka mume wangu akaja kuniuliza kama ninajisikia vibaya. Nikamwambia hapana, nimelikumbuka gari la Baba. "Lile jekundu la kwenye picha?" Lile lile, nikasema, nikageukia uji. Tumeoana miaka kumi na mmoja na hicho ndicho kipande pekee cha utoto wangu ambacho hajawahi kukisikia. Nadhani ni rahisi zaidi kuwasimulia nyinyi msionifahamu.

Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Nyinyi mlio wa rika langu mnajua mambo haya yalivyokuwa yakiendeshwa: mtoto haambiwi. Nilipelekwa kwa jirani nikale, nikaambiwa nicheze, na nilipotazama nyumbani kwetu nikaona viatu vimejaa mlangoni, vya watu wazima watupu, nikajua. Tulimzika Mwika, kwenye kihamba cha ukoo wa Baba, katikati ya migomba na kahawa, udongo ukiwa umelowa mvua za masika. Watu walinitazama sana siku ile, wakisubiri nilie. Sikulia. Wala sikuwa nimejikaza. Mwili mzima ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unauona ni wako lakini ukiufinya hausemi kitu. Nakumbuka nilimtazama padri nikagundua kwamba soksi zake hazifanani, na nikalifikiria jambo hilo mpaka mwisho wa ibada.

Siku ya kuanua matanga, wazee walikaa sebuleni kwa Bibi, mama yake Baba, kuzungumzia nitakaa wapi. Mimi nilikuwa jikoni na Shangazi tukimenya ndizi za mtori. Kutoka pale niliisikia sauti ya Baba ikipanda, jambo ambalo halikuwa kawaida yake: "Mama, nitamleta mimi mwenyewe. Nitanunua gari, nitamleta kwa gari langu." Bibi akajibu, "Haya, tutaona." Mengine yalizama kwenye kelele za masufuria. Shangazi alinipapasa kichwa kwa mkono wenye utomvu wa ndizi akasema, "Huku kuna maziwa, Aika. Utanenepa." Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilielewa kwamba siku Baba atakayopata gari ndiyo siku nitakayohamishiwa Mwika, nikae na Bibi niliyekuwa nikimwona Krismasi kwa Krismasi, na Baba arudi kwetu mjini, Shirimatunda, peke yake. Sikumuuliza. Na yeye, tangu Mama aondoke, alikuwa ameacha kusema mambo marefu.

Tuliporudi mjini tuliishi kimya. Baba alikuwa mtunza stoo kiwandani. Aliamka mapema, akapika uji wenye madonge, tukaunywa bila kuusema. Nywele zangu zilinyolewa kwa kuwa hakuna aliyejua kuzisuka. Kanga ya Mama ilibaki imening'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na kila mmoja wetu aliipita kama haipo. Sitaki mnionee huruma kwa hilo. Wakati ule sikuona kama ni jambo la huzuni. Niliona ndivyo siku zilivyo.

Kisha gari likaja. Lilikuwa dogo, jekundu, lililokwisha kutumika Japani na baadaye Arusha, lenye milango miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Kwenye boneti lilikuwa na tundu pana la kuvutia hewa, na sailensa yake ilikuwa nene kama kopo la maziwa ya unga. Kijana aliyeliuza alikuwa akilitumia kushindana na wenzake barabarani. Sasa mfikirieni Baba: mtu wa suruali ya kitambaa na kalamu mbili mfukoni, aliyekwenda kazini kwa baiskeli miaka yote, anashuka kwenye kitu kile kinachonguruma. Mama Happy wa nyumba ya pili alitoka uani akashika kiuno.

"Baba Aika! Umerudia ujana?"

"Lina nguvu ya mlima, Mama Happy."

"Na hilo tundu?"

"Ndiko linakopumulia."

"Haya bwana. Ukitoka tutasikia, ukirudi tutasikia."

Alikuwa amelichagua kwa sababu moja tu: muuzaji alimwambia lina turbo, na kwamba linapanda mlima kana kwamba linashuka. Mimi nililizunguka mara moja, nikaona mpira wa tairi la nyuma umechubuka, nikarudi ndani.

Jumapili ya kwanza Baba aliniambia nivae gauni la kanisani, tunakwenda kwa Bibi. Niliona hakunifungia nguo, nikadhani zitafuata. Mpaka Himo barabara ni tambarare na gari lilikwenda bila kinyongo. Pale Himo tukakata kushoto kuelekea Marangu, mlima ukaanza, na hatujafika mbali sindano ya geji ya joto ikapanda mpaka mwisho na mvuke ukafumuka kwenye boneti. Akina mama waliokuwa wakiuza ndizi kando ya barabara walituletea ndoo ya maji na ushauri mwingi. Tulikaa juu ya jiwe tukisubiri injini ipoe, kisha Baba akageuza. Nilipoona uso wa gari umeelekea mjini nilisikia nafuu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia chochote tangu mazishi.

Tukampelekea Fundi Abeli. Gereji yake ilikuwa Rau, ua uliozungushiwa mabati chakavu, na yeye alikuwa mtu wa maneno kuliko spana. Alifungua bomba la juu la rejeta, akachomoa kidude cha shaba kilichotosha kiganjani.

"Themostati hii," alisema. "Inazuia maji mpaka injini ipate moto. Mjapani aliiweka kwa ajili ya barafu ya kwao. Huku kwetu ni joto, tunazitoa zote, maji yapite huru."

Akaitupa kwenye kopo lenye themostati nyingine. Baba hakuwa mtu wa kubishana na fundi. Jumapili iliyofuata gari kweli halikuchemsha, ila lilifanya kinyume: sindano ya joto ililala chini isiinuke kabisa, na kadiri tulivyopanda kwenye ukungu injini ikawa inakohoa na kutoa moshi mweusi nyuma. Harufu ya petroli mbichi ilijaa ndani mpaka nikafungua kioo. Kabla ya kufika Marangu Mtoni injini ikazima. Tuliteremka kinyumenyume hadi mahali pa kugeuzia, Baba akichungulia nyuma na mimi nikitazama mbele, mlimani, ambako hakukuonekana kitu.

Alirudi kwa Fundi Abeli na swali moja, kwa upole wake ule ule.

"Fundi, umesema hii ni ya nchi za baridi. Mimi kwetu ni Mwika. Si ndiko kwenye hiyo baridi?"

Fundi alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Mzee, hapo umenishika." Akainamia kopo kuitafuta.

Baada ya hapo Baba aliamua kulitafuta tatizo mwenyewe, na Jumapili moja hatukutoka kabisa. Alitandika gunia uani, akakunja mikono ya shati, akanipa kopo la kuwekea nati. Alikuwa na utaratibu wake wa stoo: kitu kimoja kwa siku, basi. "Ukigusa vitu viwili siku moja," aliniambia, "hutajua kilichopona ni kipi." Siku ya kwanza ilikuwa ya themostati. Ya pili ilikuwa ya feni ya rejeta, ambayo tuligundua haizunguki kwa kuwa waya wake ulikuwa umekatika na mtu akaufunga kwa plasta ya kidonda. Hiyo ndiyo iliyotuchemsha pale mwanzo. Siku ya tatu alichomoa plagi zote nne akanipangia juu ya gazeti, akanionyesha kuzisoma: masizi meusi maana yake petroli imezidi, nyeupe ni joto limezidi, kahawia iliyokauka ndiyo afya. Nilijifunza haraka, alifurahi. Zile ndizo saa tulizokuwa tukizungumza. Hatukumtaja Mama hata mara moja, tulizungumza plagi na waya, lakini tulizungumza, na kwa kweli nilizipenda saa zile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Pamoja na yote hayo gari liliendelea kukosa nguvu kila lilipokanyagwa. Baba alinipakia tukaenda kulijaribu kwenye kilima cha karibu, na akikanyaga mafuta kitu kilipiga mluzi mwembamba upande wangu, akiachia kinanyamaza. Alisimamisha, akanieleza kwamba turbo kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya injini, na hewa hii ya kwetu inatorokea njiani. Akalifuata bomba la mpira kwa vidole kutoka juu hadi chini, nyuma ya betri, mpaka mkono ukakwama kwenye kiwiko.

"Kuna klampu huku chini," alisema. "Imelegea. Mkono wangu hauingii. Lete wako."

Wangu uliingia wote. Niliupapasa ule mkanda wa bati unaobana mpira kwenye bomba, nikaipata skrubu yake, Baba akanitilia bisibisi ndogo mkononi na kuniambia nizungushe kulia mpaka ikatae. Nikazungusha ikakataa. Tulipokirudia kile kilima gari lilitutupa nyuma kwenye viti. Lilipanda likilia, mawe yakiruka nyuma, na Baba, mtu wa kalamu mbili, alicheka kwa sauti.

"Jumapili tunapanda, Aika," alisema. "Safari hii tunafika."

Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu tumzike Mama. Nilimtazama vizuri. Nikawaza: amefurahi kwamba sasa ataweza kunipeleka.

Jumamosi ile, alipoingia kuoga, nilichukua bisibisi, nikavuta wenzo wa boneti, nikaingiza mkono na kuizungusha skrubu kushoto mara nne. Si zaidi. Nilijua kwamba ikilegea sana bomba litachomoka na Baba ataliona. Kwa kipimo kile mpira ulikaa mahali pake vizuri kabisa gari likiwa limesimama, na ulitoa hewa pale tu lilipobanwa na mlima. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimefundishwa na mtu makini. Nilinawa, nikala ugali, nikalala usingizi mzito.

Jumapili tulishindwa njiani, juu kidogo ya Himo. Jumapili iliyofuata tulishindwa palepale. Katikati ya Jumapili hizo Baba alilirudia gari lote tangu mwanzo, kitu kimoja kwa siku. Alisafisha filta ya hewa na kubadilisha ya petroli. Alizipima waya za plagi moja baada ya nyingine, akashusha tenki kutazama kama lina uchafu. Alipungua, au labda nguo ndizo zilizokuwa zimemzidi tangu zamani na sikuwahi kuona. Jioni alisimama mbele ya kalenda ya ukutani akahesabu kwa kidole. "Shule zinakaribia kufunguliwa," alisema, na mimi nikaelewa kwamba anaharakisha ili nianze muhula huko huko juu. Fundi Abeli alipopita kutusalimia alizungushia gari macho mara moja akauliza swali lililokuwa sahihi.

"Na ile klampu ya chini, nyuma ya betri, umeiangalia?"

"Hiyo ni nzima," Baba alijibu. "Aika ndiye aliyeikaza."

Na hakuiangalia. Alikagua gari zima isipokuwa kile nilichokaza mimi, nami nilikuwa nimesimama pale pale na kopo la nati. Ningependa kuandika kwamba moyo uliniuma. Haukuniuma. Umekuwa ukiniuma baadaye, kwa awamu, na huwa hautoi taarifa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Bibi alikuja. Hakuna aliyemtarajia. Kwake hakukuwa na simu, na mjini alikuwa hashuki ila kwa hospitali. Alisimama getini na kitenge chake cha kanisani, miguu ikiwa na vumbi la kutoka kituoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Baba yako yuko wapi?"

Nikamwonyesha miguu iliyokuwa imechomoza chini ya gari. Baba alijivuta nje, grisi mpaka kwenye viwiko, akasimama haraka.

"Shikamoo Mama. Mbona hukutuma mtu nikufuate?"

Bibi aliingiza mkono ndani ya kitenge akatoa jani refu la kijani, limepigwa fundo katikati, akalishika mbele yake kwa mikono miwili. Lilikuwa isale. Sisi watu wa kule mlimani tunauotesha mmea huo kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Aliyeletewa hakatai. Akikataa, ukoo haulisahau jambo hilo, na vizazi vyake vitasimuliwa. Hata mimi mtoto wa mjini nililijua. Ambacho sikuwahi kukiona, wala kukisikia, ni mzazi kumpelekea isale mwanawe aliyemzaa.

"Jumapili tano nimekaa mlangoni nikitazama njia," Bibi alisema. "Nikasema labda mvua, nikasema labda kazi. Kama siku ile ya matanga maneno yangu yalikukosea, mwanangu, nisamehe. Naona hutaki hata kukanyaga kwangu. Nisamehe, na mtoto nipe nikae naye. Sina kingine."

Baba alilitazama isale, akaligeukia gari, akanitazama mimi. "Mama, si hivyo," alianza. "Ni hili gari..." Akaishia hapo. Nadhani alijisikia mwenyewe, mtu mzima mwenye grisi mikononi, anamtajia gari mama aliyemshukia kutoka mlimani na isale. Alipangusa mikono kwenye suruali, akapangusa tena, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimesamehe, Mama. Na wewe unisamehe."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wako."

Mama Happy, aliyekuwa amesimama na beseni la nguo, aliinama akaingia kwake bila neno, na hilo ndilo lililonionyesha uzito wa jambo. Bibi aliketi kwenye ngazi akaomba maji. Baba alikwenda chumbani kunifungia nguo. Nilimkuta amesimama mbele ya kabati langu na begi tupu, hajui sketi za shule ziko wapi wala soksi, anafungua droo na kuifunga. Kwa mtu aliyekuwa akipanga kunihamisha kwa wiki tano, hakuwa amepanga kitu hata kimoja. Nililiona hilo nikalipita. Nilimwonyesha soksi.

Kwa kuwa sasa nilikuwa ninakwenda, sikuwa na haja tena ya gari bovu. Zaidi ya hapo sikutaka Baba akwame njiani mama yake akiwa amekaa pembeni. Walipokuwa wanaagana na Mama Happy nilichukua bisibisi, nikafungua boneti, nikaingiza mkono, nikaizungusha skrubu kulia mara nne, ikakataa. Nilipouchomoa mkono, Baba alikuwa amesimama kando yangu na begi langu. Alitazama bisibisi. Alitazama mkono wangu, mweusi mpaka juu ya kiwiko, kisha akainama akaitazama ile nafasi nyuma ya betri ambayo mkono wake hauingii.

"Imekaza?" aliuliza.

"Imekaza."

Alishusha boneti taratibu kwa mikono miwili, bila kuibamiza.

Bibi alikaa mbele, mimi nyuma na begi na mkungu wa ndizi za kupewa. Himo tukakata kushoto. Mlima ulipoanza, gari likaanza kupanda, na lilipanda kama yule kijana wa Arusha alivyoapa. Lilipita jiwe letu la Jumapili ya kwanza, likapita mahali pa kugeuzia, likaingia Marangu Mtoni bila kubadilisha sauti, sindano ya joto imesimama katikati inapotakiwa. Bibi alikuwa ameshikilia mkono wa mlango kwa nguvu.

"Mbona linapanda vizuri hivi?"

Tulikuwa tumeuacha mto nyuma, tumeingia kwenye migomba, Baba alipofungua mdomo, macho yakiwa barabarani.

"Mama, siku ya matanga uliniambia kwamba mtoto atabaki kwangu nikikuonyesha, kabla shule hazijafunguliwa, kwamba ninaweza kukuletea kila Jumapili umwone."

"Nilisema."

"Basi hili nililinunua kwa ajili hiyo. Nilikuwa nakuja kukuonyesha. Jumapili zote hizo tulikuwa njiani."

Ndivyo nilivyopata kujua kazi ya lile gari, nikiwa kiti cha nyuma, limefika kwenye nguvu zake zote.

Bibi aliuachia mkono wa mlango. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungepanda basi, mwanangu."

"Ulisema mambo ya basi ni ahadi za mwezi mmoja. Na gari nililiahidi mbele ya wazee."

"Basi ungeniambia leo. Kabla hujalipokea isale."

"Ulikuwa umeshalinyoosha, Mama."

Hapo palikuwa mwisho wake na wote watatu tulijua. Isale likishapokelewa neno lake limefungwa, halirudishwi na aliyelipokea wala aliyelileta, hata wote wawili wakitamani. Bibi alivuta pumzi, akauliza kwa uchovu, kama mtu anayeuliza ugonjwa wa marehemu.

"Lilikuwa na nini hasa?"

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yalikuwa machache na niliyajua yote. Baba alikuwa akinitazama kwenye kioo cha ndani. Nimejaribu mara nyingi kuyasoma yale macho na bado siwezi kuapa yalisema nini. Najua tu kwamba hayakuwa na hasira, na ningetoa chochote yawe na hasira.

"Kitu kidogo, Mama," alisema. "Mimi ndiye sikukiona."

Hakukaa sana Mwika. Alikunywa mtori amesimama, akapeleka begi langu kwenye chumba cha Bibi, akaniwekea mkono kichwani juu ya nywele zilizoanza kuota. Alisema atakuja kesho, kwa kuwa kesho ni Jumapili, na Jumapili zote zitakazofuata. Alikuja kweli. Kwa miaka saba niliyokaa kule hakukosa ila mbili, na katika miaka hiyo yote hakuniuliza wala sikumwambia. Sasa hayupo wa kuambiwa.

Nilisimama na Bibi penye njia ya kutokea tukimtazama akigeuza. Gari liliteremka kati ya migomba, likakata kona ya kanisa likapotea machoni, lakini sauti yake tuliendelea kuisikia kwa muda mrefu, chini zaidi na zaidi, nyororo, safi, haikohoi wala haipigi mluzi. Nikalia. Nililia kwa kelele, nimekaa chini kwenye majani, mpaka wajukuu wa jirani wakaja kuchungulia. Bibi alipiga magoti akanikumbatia, akasema alikuwa akilisubiri hili tangu siku ya mazishi, nilie tu, nimlilie mama yangu mpaka moyo utulie. Nami nikamwacha aamini hivyo.